Mnong'ono wa Umatumbi na mwana wa Kilwa

Anayekwenda Kipatimu huiacha barabara kuu ya Lindi pale Tingi, penye makutano yanayojulikana kwa jina la Njia Nne, akaanza kupanda. Pwani inabaki nyuma. Mbele ni milima ya Wamatumbi, yenye misitu, mabonde na mapango. Katika milima hiyo, kijijini Nandete, mwishoni mwa Julai 1905, watu walilipandia shamba la pamba walilolimishwa kwa nguvu, wakang'oa miche. Wanaokumbukwa kwa kuanza ni Ngulumbalyo Mandai, Lindimyo Machela na mwanamke mmoja, Nantabila Naupunda.

Ilikuwa miche michache tu. Lakini kung'oa pamba ya Mdachi, yaani Mjerumani aliyetawala, kulikuwa kutangaza vita, na ndivyo ilivyokusudiwa. Haukupita muda, Sefu bin Amri, akida aliyewasimamia Wajerumani huko Kibata, akatoroka.

Kabla ya pamba kung'olewa ulitangulia mnong'ono. Kwa miezi kadhaa mtu alimnong'oneza mwenzake kwamba huko Ngarambe, upande wa Rufiji, yuko mganga aliyepandwa na Hongo, pepo wa majini, na dawa yake inageuza risasi kuwa maji. Wamatumbi waliuita mnong'ono huo njwiywila. Wengine husema jujila. Mganga mwenyewe alikuwa Kinjeketile Ngwale. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimewaka, na kitanzi hakikuvizima. Viliingia Ungindo, vikafika Mahenge na Ungoni, vikaendelea hadi 1907. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Gavana von Götzen alitaja watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Vita hivyo, vinavyojulikana kama vya Maji Maji, viliingia katika maandishi mapema. Huko Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini alivitungia utenzi wakati habari zake zingali mbichi. Utenzi huo, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu kama desturi ya washairi wa pwani, ulichapwa mwaka 1957 kwa uhariri wa W. H. Whiteley. Ni vita vilivyotazamwa na mtu wa mjini, msomi wa Kiislamu, aliyeziona fujo za bara zikiteremka kuelekea pwani.

Sauti za milimani zilichelewa. Katika miaka ya 1960 Gwassa na John Iliffe, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikusanya kumbukumbu za wazee waliokuwa hai bado, wa Kipatimu wakiwamo. Wazee hao waliikumbuka safari ya kwenda Ngarambe kama msafara wa arusi, wenye nyimbo, ngoma na vigelegele.

Mwaka 1969 kikatoka kitabu chembamba cha mchezo wa kuigiza, kilichochapwa na Oxford University Press, jina lake Kinjeketile. Mwandishi wake, Ebrahim Hussein, alizaliwa Kilwa mwaka 1943, wilaya ile ile yenye milima ya Umatumbi. Mapema kabisa alimtahadharisha msomaji kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni na si yule wa historia. Tahadhari hiyo ilimpa nafasi ya kuuliza kile ambacho utenzi na kumbukumbu za wazee havikulazimika kukiuliza: mtu anafanyaje pale neno alilolitamka mwenyewe linapomponyoka?

Mchezo unaanzia nyumbani, si vitani. Wanawake wawili wanazungumza juu ya njaa na kazi ya shuruti iliyowachukua waume zao. Kisha Kinjeketile anavutwa mtoni na pepo, anarudi na maji ya dawa, na kwa kauli ya kipepo anatabiri kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Umati unashangilia. Akili ikimrudia, yeye mwenyewe anashtuka: kumfukuza bwana mmoja ili kuwa mwana wa bwana mwingine, huo ni uhuru gani? Anawasihi wasubiri, wajipange, wafundishwe vita kwanza. Hawasikii. Maji aliyoyaleta ili yawaunganishe Wamatumbi na makabila jirani yamekwisha kuwa makubwa kuliko yeye.

Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani. Anatakiwa aseme jambo dogo tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Akisema hivyo, watoto wa kesho wataambiwa kwamba babu zao walikosea kupigana. Njwiywila ya kweli iliwakusanya watu kwa kunong'onwa. Kinjeketile wa Hussein anailinda kwa kunyamaza.

Mwandishi mwenyewe aliutafsiri mchezo huo kwa Kiingereza, ukachapwa mwaka 1970. Akafuatisha Mashetani mwaka 1971, na baadaye Arusi na Kwenye Ukingo wa Thim. Katikati ya kazi hizo alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, katika Ujerumani ya Mashariki. Mji huo ndio uliokuwa makao makuu ya dola iliyomnyonga Kinjeketile huko Mohoro. Huko, mwana wa Kilwa aliandika tasnifu yake ya udaktari, akieleza jinsi sanaa ya maigizo ilivyokua Afrika Mashariki.