Sindano ya miezi mitatu inapokosekana kituoni

Kwenye kadi ya uzazi wa mpango, mtumiaji wa sindano hutazama kwanza tarehe ya kurudi. Katika nchi jirani za ukanda huu kumekuwa na nyakati ambapo tarehe hiyo hufika, mwanamke akatembea hadi zahanati, akaambiwa kuwa dawa imekwisha na hakuna anayejua itakuja lini. Makala haya yanaeleza sindano hiyo ni nini, kwa nini hukosekana, na mambo ambayo wataalamu wa afya wanakubaliana kuwa yanaweza kufanywa katika wiki za kusubiri.

Dawa yenyewe huitwa medroksiprojesteroni, lakini mitaani hujulikana kwa jina fupi la depo. Ni homoni iliyotengenezwa maabara kwa mfano wa projesteroni, ambayo mwili wa mwanamke huizalisha wenyewe. Ikidungwa kwenye msuli kwa kiasi cha miligramu 150, hukaa hapo na kuingia katika damu kidogo kidogo, huku ikizuia yai kutoka kwenye ovari. Marekani iliiidhinisha kwa kuzuia mimba mwaka 1992, baada ya nchi nyingine nyingi kuwa zimekwisha kuizoea. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya kila watano walioolewa hutegemea sindano. Nchini Tanzania, utafiti kama huo wa mwaka huohuo uliwakuta kiasi cha wanawake tisa kati ya 100, vipandikizi vikiwa vimeipita.

Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya dawa hizi ilinunuliwa kwa fedha za wafadhili, na Marekani ilikuwa mstari wa mbele. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilisimamisha misaada ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la misaada la USAID likafungwa rasmi. Mwezi huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilithibitisha uamuzi wa kuteketeza shehena ya njia za uzazi wa mpango yenye thamani ya dola milioni 9.7, iliyokuwa imehifadhiwa katika ghala la mji wa Geel nchini Ubelgiji. Shirikisho la Kimataifa la Uzazi wa Mpango, IPPF, lilisema asilimia 77 ya shehena hiyo ilikusudiwa nchi tano: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya, Tanzania, Zambia na Mali. Kwa Tanzania pekee, kwa mujibu wa shirikisho hilo, zilikuwemo sindano zaidi ya milioni moja na vipandikizi 365,100. Muda wa matumizi wa bidhaa hizo ulikuwa uishe kati ya mwaka 2027 na 2031. Kwa maneno mengine, dawa ilikuwepo, ilikwisha kulipiwa, na ilikuwa bado nzima.

Hata hivyo, kuilaumu Washington peke yake ni kusahau kwamba vituo viliishiwa sindano hata kabla ya mwaka 2025. Zahanati hupeleka makadirio yake wilayani, wilaya huyapeleka kwenye bohari ya taifa, na agizo kwa kiwanda cha nje huchukua miezi kabla meli haijatia nanga Mombasa au Dar es Salaam. Malipo yakichelewa leo, pengo huonekana baadaye, wakati aliyechelewesha amekwisha kusahau. Zaidi ya hayo, depo ya chupa huhitaji bomba lake la sindano. Chupa zikifika bila mabomba, mwanamke anayerudi nyumbani bila kudungwa haoni tofauti kati ya upungufu huo na ule wa dawa.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo lingepunguza hofu kubwa, ni hesabu ya tarehe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unasema sindano inayofuata ya depo inaweza kutolewa hadi wiki mbili kabla ya tarehe ya kurudi, au hadi wiki nne baada yake, bila kuhitaji kinga ya ziada. Mwanamke aliyedungwa tarehe 3 Machi, na kupewa tarehe ya kurudi 2 Juni, yaani wiki 13, anaweza kudungwa siku yoyote kuanzia 19 Mei hadi 30 Juni. Baadhi ya vituo huandika wiki 12 kwenye kadi, na hapo hesabu ianzie kwenye tarehe iliyoandikwa. Kituoni zikisikika habari kwamba dawa inakaribia kwisha, njia ya busara ni kuwahi: kwenda katika zile wiki mbili za mwanzo, badala ya kungoja siku yenyewe.

Wiki nne za baadaye ni akiba ya dharura, si ruhusa ya kulegea. Aliyezipita bado anaweza kudungwa dawa ikipatikana, mradi mtoa huduma amejiridhisha kuwa hana mimba, na kisha atumie kondomu au ajizuie kwa siku saba. Aidha, ipo sindano nyingine inayojulikana katika baadhi ya maduka ya dawa kwa jina la Noristerat. Hiyo hudumu miezi miwili tu, na akiba yake ya kuchelewa ni wiki mbili. Aliyepewa Noristerat badala ya depo kwa sababu ya upungufu, asipoelezwa tofauti hiyo, atarudi akiwa amechelewa bila kujua.

Katika kipindi cha uhaba huzuka pia maneno ya kujifariji yenye hatari. Kuna wanaosema depo hukaa mwilini mwaka mzima, hivyo kukosa sindano moja si kitu. Msingi wa usemi huo ni ukweli uliopindishwa. Ni kweli kwamba wanaoacha sindano huchukua muda kushika mimba, kwa wastani miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Lakini wastani huo unawajumuisha waliochukua miezi mingi na waliochukua michache sana, wala hakuna kipimo cha kumwambia mwanamke yeye yumo katika kundi lipi. Hedhi nayo haisaidii kubashiri. Baada ya mwaka mmoja wa kutumia depo, takriban nusu ya wanawake huwa hawapati hedhi kabisa, na yai hutangulia kabla ya hedhi ya kwanza kurejea. Anayesubiri kuona damu ili ajue kwamba kinga imekwisha anaweza kuchelewa.

Pengo linaweza kuzibwa kwa vidonge vya majira, kondomu, kipandikizi au kitanzi. Vidonge vianze tarehe ya kurudi ileile, bila kungoja wiki nne ziishe. Vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili havimfai mwenye shinikizo la juu la damu, wala mama anayenyonyesha mtoto aliye chini ya miezi sita. Hao wapo vidonge vya homoni moja. Ikiwa tendo limekwisha kufanyika nje ya muda wa kinga, vidonge vya dharura, maarufu kama P2, hutumika ndani ya siku tano, na kila siku inayopita hupunguza nguvu yake. Kugawana dozi moja ya sindano watu wawili ni kosa: nusu ya dozi haimkingi yeyote kwa miezi mitatu.

Ushauri wa kubadili njia hutolewa kwa wepesi mno, kana kwamba njia zote ni sawa. Wanawake wengi walichagua sindano kwa sababu haiachi alama. Kipandikizi huguswa chini ya ngozi ya mkono, pakiti ya vidonge hupatikana ndani ya sanduku la nguo, na kondomu huhitaji mazungumzo ambayo katika baadhi ya nyumba hayawezekani. Mtu wa aina hiyo akiambiwa achukue njia iliyopo, huulizwa kwa hakika kama yuko tayari kuifichua siri yake. Mtoa huduma anayelijua hilo humuuliza faraghani kabla ya kumpangia, na kitanzi, ambacho hakionekani na hudumu miaka 10 au zaidi, mara nyingi hukaribia zaidi mahitaji yake kuliko vidonge.

Njia iliyobadilisha zaidi hali hii ni depo ya kujidunga. Ni dozi ndogo zaidi, miligramu 104, iliyokwisha kujazwa katika kifuko kidogo cha plastiki chenye sindano yake, hivyo suala la bomba kukosekana halipo. Hudungwa chini ya ngozi ya tumbo au paja badala ya msuli, na hudumu miezi mitatu vilevile. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kuwafundisha wanawake kujidunga wenyewe, na mwaka 2019 WHO ilipendekeza utaratibu huo rasmi. Nchini Malawi, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha wanawake waliojidunga, wakiwa wamepewa dozi za kuchukua nyumbani, na waliorudi kituoni kila mara. Baada ya miezi 12, asilimia 73 ya waliojidunga walikuwa bado wanaendelea, dhidi ya asilimia 45 ya wenzao.

Kwa mazingira ya uhaba, maana ya takwimu hizo ni nyepesi kueleweka. Mwanamke mwenye dozi tatu nyumbani amekwisha kuvuka miezi tisa. Bohari ikiwa tupu kwa mwezi mmoja au miwili, yeye hatajua. Udhaifu ni kwamba uhaba ukianza, baadhi ya watoa huduma hupunguza dozi za kupeleka nyumbani ili zitoshe wengi, na faida hiyo hupotea wakati hasa inapohitajika. Hapa ndipo mipango ya wizara inapaswa kuangaliwa upya, maana akiba iliyoko mikononi mwa watumiaji nayo ni ghala.

Anayepewa dozi za nyumbani huonyeshwa kwanza na mtaalamu. Kifuko hutikiswa kwa nguvu kiasi cha nusu dakika hadi dawa ichanganyike, kifuniko husukumwa hadi pengo lake lizibe, ngozi hubanwa kwa vidole, na dawa hukamuliwa taratibu kwa sekunde tano hadi saba. Dozi zilizobaki hazihitaji jokofu. Huwekwa mahali pakavu pasipo na jua kali, mbali na watoto, na tarehe ya mwisho ya matumizi ikisomwa kabla ya kila dozi. Kifuko kilichotumika hutiwa katika chombo kigumu chenye kifuniko na kurudishwa kituoni au kwa mhudumu wa afya ya jamii. Hakitupwi chooni wala jalalani.