Mafuta ya moteri yanavuja: tafuta mahali yanatoka kabla ya kufungua

Kwenye barabara ya Sake, Masisi-centre, Nyabiondo mpaka Walikale, gari nyingi zinazobeba watu na mizigo ni za zamani. Zile zinavumilia matope yetu ni jeep Toyota Land Cruiser za moteri 1HZ, dizeli ya silinda 6 iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1990. Lakini inama chini ya hizo jeep, utakuta tone nyeusi. Shofere anakuambia ni kawaida, gari imezeeka, na nyuma ya kiti iko bidoni ya mafuta ya kuongeza njiani.

Kinachozeeka ni mipira ya kuziba. Moto wa moteri unaikausha, inakuwa migumu kama ukuni, haikamati tena. Kazi ni kujua ni mpira gani. Mimi nilisafiri siku moja ndani ya jeep iliyosimama mara tatu kuongezewa mafuta kabla ya kufika Nyabiondo. Mwenyewe alikuwa ametoka kulipa fundi ashushe bwati ya vitesi na kubadilisha spi ya nyuma, kazi ya bei kali. Kumbe mafuta yalikuwa yanatoka juu kabisa, kwenye kifuniko cha moteri, yanateremka mgongoni na kudondokea palepale karibu na bwati.

Ndiyo maana mahali tone linaanguka si lazima pawe mahali linatoka. Mafuta yanateremka, na gari ikitembea upepo unayasukuma nyuma. Tafuta pahali pa juu zaidi na pa mbele zaidi penye unyevu.

Kwanza osha. Moteri ikiwa baridi, funika alternateri na mdomo wa hewa kwa sashe, sugua na brosi na mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni. Usioshee kando ya mto Osso, watu wanachota pale. Ondoa sashe, acha ikauke vizuri kabisa, nyunyiza pudri ya watoto kwenye maungio, halafu washa moteri dakika 15. Zima, chukua torshi na kioo kidogo: pale pudri imelowa ndipo penye shida. Kama inavuja polepole, laza karto chini usiku kucha na uweke alama upande wa mbele. Na unuse: mafuta ya bwati ni mazito na yananuka kama kibiriti, ya moteri hayanuki hivyo.

Kabla ya kununua mpira wowote, angalia bomba la kupumulia la moteri, lile linatoka kwenye kifuniko cha juu. Likijaa uchafu, presiyo inabaki ndani na kusukuma mafuta kwenye kila mpira dhaifu. Hapo utabadilisha spi leo, kesho ingine inavuja. Kusafisha bomba hakuombi pesa. Kama ni safi na bado moshi unapuliza kwa nguvu ukifungua kifuniko cha kuongezea mafuta, basi segma zimechoka, na hiyo ni habari ingine.

Mvujo wa kuogopa zaidi kwa 1HZ ni wa mbele. Moteri hii inatumia mkanda wa distribusiyo, si mnyororo. Spi ya mbele ikivuja, mafuta yanalowesha mkanda, mpira wake unalainika na unaweza kukatika. Ukikatika, piston zinagonga soupapi, na moteri imekwisha, pengine katikati ya msitu kuelekea Walikale. Hapo usiongeze mafuta tu na kuendelea. Badilisha spi na mkanda pamoja, juu kazi ya kufungua ni ileile.

Mengine ni madogo. Mpira wa filtri ya zamani unaweza kubaki umeshika, fundi anafunga mpya juu yake, mafuta yanamwagika. Kabla ya kufunga bushoni ya vidanji, weka rondeli mpya. Karteri nayo inagongwa na mawe, chunguza kama imepasuka. Kwenye kifuniko cha juu, kaza boloni kidogo kidogo kwa zamu, ukikaza moja kwa nguvu kifuniko kinapinda. Na silikoni, jamani! Mafundi wengine wanaipaka kama siagi ya mkate. Inayobanwa ndani inakatika na kuziba kichujio cha pompi, moteri inakosa mafuta.

Mpaka pesa ya kutengeneza ipatikane, pima kila asubuhi: gari mahali sawa, moteri baridi, pangusa kijiti, rudisha, soma. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani, zima palepale, hata kama abiria wanapiga kelele.