Madaktari Waliokaa

James Mackenzie alifika Burnley mwaka 1879, daktari kijana katika mji wa viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza. Hakupita muda mrefu akaitwa kwa mjamzito mwenye ugonjwa wa moyo, na mwanamke yule akamfia katika uchungu wa kuzaa. Jambo hilo lilimsumbua. Alipekua vitabu kutafuta ni moyo upi ungestahimili uzazi na upi usingestahimili, asipate jibu. Vitabu vilitungwa na mabingwa wa hospitali kubwa, na bingwa humwona mgonjwa wiki mbili tatu tu, kisha mgonjwa anakufa au anarudi kwao. Yanayompata miaka 10 baadaye, bingwa hayajui.

Mackenzie akaamua kungoja. Wagonjwa wake walikuwa wafumaji na wake zao, walioishi mitaa ileile na kurudi kwake kwa kila kikohozi. Alipima mapigo ya mkono pamoja na ya mshipa wa shingo, akitumia chombo alichokiboresha kwa msaada wa fundi saa, akaweka kumbukumbu za mtu mmoja mmoja mwaka baada ya mwaka. Ndipo akagundua kwamba mapigo mengi ya ziada, yaliyokuwa yakiwatia watu hofu ya kufa, hayana madhara. Ugunduzi huo haukuhitaji mashine kubwa. Ulihitaji mtu aliyesikia moyo unaruka pigo leo, akamkuta mwenye moyo huo baada ya miaka mingi, mzima, yuko kazini. Aliondoka Burnley mwaka 1907, baada ya miaka 28, na matabibu wa moyo wa Ulaya na Marekani walikuwa wakimsoma.

William Pickles naye alikaa. Tangu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia hadi miaka ya 1960 alikuwa daktari wa Aysgarth, katika bonde la wafugaji la Wensleydale, huko huko kaskazini mwa Uingereza. Aliandika kwamba jioni moja, akilitazama bonde kutoka juu, alitambua kuwa karibu kila mtu wa vijiji vile anamjua kwa jina. Mwaka 1929 homa ya ini ilipolivamia bonde, kujuana huko kukawa ndiyo maabara yake. Asubuhi alikuwa amemwona msichana mmoja kitandani, mgonjwa. Mchana msichana yuleyule akaenda kwenye sherehe ya kijiji, akasaidia hata kuosha vikombe. Wiki kadhaa baadaye waliokuwa kwenye sherehe wakaanza kuugua. Pickles alijua nani alikaa na nani, nani mchumba wa nani, nani alipitia mlango wa nyuma. Hivyo aliweza kuhesabu siku kati ya kuambukizwa na kuugua: 26 hadi 35. Kitabu chake kuhusu magonjwa ya kuambukiza vijijini kilitoka mwaka 1939.

Kukaa kwa madaktari hawa kulitokana na hiari yao. Mgonjwa kuwa na daktari wake ni jambo lililohitaji sheria. Sheria ya bima ya mwaka 1911 iliwaandikisha wafanyakazi wa Uingereza katika orodha za madaktari, na mwaka 1948 huduma ya afya ya taifa ikaleta utaratibu huo kwa kila raia, mke na watoto wakiwemo. Kumbukumbu za mgonjwa ziliwekwa katika bahasha ndogo, na alipohama, bahasha ilimfuata kwa daktari mpya.

Huku kwetu kinachomfuata mgonjwa ni daftari, tena analibeba mwenyewe. Mama yangu anayo manne ya presha. Kila ukurasa una mwandiko tofauti, kwa sababu matabibu wa zahanati huhamishwa, na kila mgeni huanza upya: "Mama, dawa hizi ulianza lini?" Mama hujibu kwa adabu, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Siwalaumu vijana wale. Foleni inafika barazani. Lakini daftari limeandika namba tu. Halikuandika kwamba mwaka ule presha ilipopanda alikuwa amefiwa na mdogo wake, na kwamba alikuwa akimeza nusu ya dozi ili dawa zimfikishe mwisho wa mwezi.

Norway iliamua mwaka 2001 kwamba kila mkazi awe na daktari wake kwa jina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu watu wapatao milioni 4.5, ulionyesha kwamba waliodumu na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa, kwa takriban robo, kuliko waliokuwa naye mwaka mmoja au chini yake. Takwimu za aina hii hazitoshi peke yake kuthibitisha chanzo. Mimi zinanishawishi, kwa kuwa nimesoma habari za Glyncorrwg.

Hicho ni kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, alikokwenda Julian Tudor Hart mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiye aliyeandika, mwaka 1971, kwamba huduma nzuri huwakimbia wanaoihitaji zaidi. Yeye hakukimbia. Alipima presha za watu wazima wa kijiji kizima, hata wasiojisikia wagonjwa, akawafuatilia kwa miaka 25, na vifo vya mapema vikawa pungufu kwa asilimia 28 vikilinganishwa na kijiji jirani.

Alisimulia habari za mgonjwa wake mmoja, mtu wa presha, sigara na pombe. Katika miaka 25 walionana mara 310, jumla ya saa 41 hivi za kazi. Mwanzoni, alisema, walikaa ana kwa ana. Polepole wakawa bega kwa bega. Alipofika kwenye mambo yaliyomfurahisha zaidi katika kazi hiyo, Tudor Hart aliorodhesha yale ambayo hayakutokea: kiharusi hakikuja, moyo haukusimama, figo hazikufa.