Nani Ampe Pepo Jina?

Maradhi yamfanyayo mtu mmoja aonekane kuwa na nafsi mbili au zaidi, kila moja na sauti, tabia na kumbukumbu zake, yalipewa jina la sasa na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1994. Tangu 1980 walikuwa wakiyaita maradhi ya nafsi nyingi. Majina haya ni mapya. Lakini swali la nani mwenye haki ya kutamka jina la maradhi, mgonjwa mwenyewe au mtaalamu, ni la kale, na nchi ya Unyamwezi ilikuwa na jawabu lake kabla ya hospitali kujengwa.

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, imo katika nchi hiyo, karibu na Tabora, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliijua kwa jina la Kaze. Huko, mtu aliyeanza kuanguka ovyo au kusema kwa sauti isiyo yake hakujitangaza kuwa amepandwa. Jamaa zake walikwenda kwa mfumu na kifaranga. Mfumu alikipasua akasoma alama za ndani yake. Ikionekana kuwa mgonjwa anatakiwa na mizimu ya Waswezi, aliingizwa katika chama chao, ambacho asili yake huambatanishwa na Wachwezi wa Bunyoro, akafundishwa mambo ya chama na kupewa jina jipya. Wala neno la mfumu mmoja halikuwa la mwisho: jamaa wasioridhika walichukua kifaranga kingine wakaenda kwa mfumu mwingine.

Mwisho wa njia ya misafara, Bagamoyo, mambo yalikuwa na sura nyingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani hiyo, aliacha habari za pepo na waganga katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Pwani mganga alifukiza na kupiga ngoma mpaka pepo ajitaje. Jina lilitoka kinywani mwa mgonjwa, walakini halikuhesabiwa kuwa neno lake; yeye alikuwa kiti tu, na aliyeketi juu yake ndiye aliyesema. Tena hakusema faraghani, bali mbele ya mganga na watu waliohudhuria.

Naona taratibu hizi hazikuwa ujinga mtupu. Katika alama za maradhi haya mna kusahau kunakopita usahaulifu wa kawaida. Basi mgonjwa ni shahidi wa kwanza wa taabu yake, ila ushahidi wake una matundu. Aliyoyatenda akiwa mwingine huyapata kwa watu wa nyumba yake. Kijana wa leo ajipimaye peke yake kwa simu ya mkononi huenda akawa anasema kweli tupu juu ya mateso yake, na bado akakosa jina lake.

Hata hivyo mtaalamu naye hakosi kukosea. Shirley Mason wa Marekani, ambaye kisa chake kiliandikwa mwaka 1973 kwa jina la Sybil, alihesabiwa nafsi 16. Mwaka 1958 alikuwa amemwandikia daktari wake, Cornelia Wilbur, akikana kuwa na nafsi hizo. Daktari aliuona ukanusho ule kuwa sehemu ya maradhi, akaendelea na tiba. Mfumu wa Unyamwezi hakuwa na uwezo huo, kwa maana mlango wa mfumu mwingine ulikuwa wazi.

Mwaka 2013 madaktari wa Marekani waliingiza kupandwa na pepo katika maelezo ya maradhi haya, wakaweka sharti kwamba jambo lililo sehemu ya kawaida ya desturi au dini inayokubaliwa na wengi lisihesabiwe maradhi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022, limetenganisha mgawanyiko wa nafsi na maradhi ya kupandwa. Kwa kanuni hizi, Mswezi apandwaye siku ya ngoma na kuachwa ngoma ikomapo si mgonjwa. Mwanamke apandwaye shambani bila kutaka, akarudi asijue alikuwa wapi, huenda ni mgonjwa. Daktari aliye katika chumba chake Tabora hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama. Itampasa aulize kule nyumbani, kama alivyouliza mfumu.