Chumvi Katika Damu, Amri Kutoka Ubongoni

Madaktari wa Ulaya wa zamani waliuonja mkojo wa wagonjwa wao. Mwaka 1674 Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa mwenye kisukari una utamu wa asali. Mwaka 1794 Mjerumani Johann Peter Frank akawatenga wagonjwa wa namna nyingine: hao nao walikojoa mfululizo na kuteswa na kiu, lakini mkojo wao haukuwa na utamu wowote. Mtu wa aina hiyo aliweza kutoa zaidi ya lita 10 kwa siku, akanywa kiasi hichohicho, na usiku bado akaamka kutafuta maji. Chanzo hakuna aliyekijua.

Dalili ya kwanza ilitoka mahali pasipotarajiwa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ya pituitari, na mwaka 1895 George Oliver na Edward Schäfer waligundua kuwa kimiminika chake, kikidungwa kwa mnyama, hupandisha shinikizo la damu. Watafiti wakavutwa na shinikizo. Suala la maji likaachwa kando, tena mwaka 1901 likapotoshwa: wanyama waliolazwa kwa dawa ya usingizi walionekana kukojoa zaidi baada ya kudungwa, ikadhaniwa tezi hiyo huongeza mkojo. Kisha mwaka 1912 Alfred Frank akaeleza habari za mgonjwa aliyekuwa na risasi iliyokwama pale penye tezi hiyo, na ambaye alikuwa akikojoa bila kikomo. Mwaka uliofuata, von den Velden huko Ujerumani na Farini huko Italia, kila mmoja kwa njia yake, waliwadunga wagonjwa kimiminika cha sehemu ya nyuma ya tezi. Mkojo ukapungua. Kumbe kazi ya tezi ilikuwa kuyazuia maji yasipotee.

Mjini London, Ernest Starling na msaidizi wake Ernest Basil Verney wakaitoa figo mwilini na kuipitishia damu. Figo iliyo peke yake ilitoa mkojo mwingi na mwepesi. Ilipotiwa kimiminika cha pituitari, mkojo ukapungua na kuwa mzito. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1925, yalionyesha kwamba figo hupokea amri. Hayakuonyesha mwenye kutoa amri anajuaje wakati wa kuitoa.

Swali hilo Verney hakuliacha kwa miaka zaidi ya 20, na kwangu mimi kazi yake ndiyo kilele cha historia hii yote. Alifanya kazi na mbwa walio macho na watulivu, kwa kuwa alitambua kwamba hofu na maumivu pekee hutosha kuzuia mkojo. Aliwafanyia upasuaji mshipa mkubwa wa shingoni ukae ndani ya kikunjo cha ngozi, wakapona, wakazoea kupimwa. Mbwa alinyweshwa maji mengi, mkojo ukaanza kumiminika, ndipo Verney akadunga maji ya chumvi nzito kidogo katika mshipa unaoelekea ubongoni. Mkojo ukapungua. Kiasi hichohicho kikidungwa katika mshipa wa kawaida, mbali na ubongo, karibu hakikufanya kitu. Sehemu ya nyuma ya pituitari ikiondolewa, athari ilififia.

Jambo lililobeba siri lilikuwa hili: sukari ya miwa ilifanya kazi sawa na chumvi, lakini urea haikufanya. Urea hupenya ndani ya seli kwa urahisi. Chumvi na sukari hubaki nje na kuyavuta maji kutoka ndani. Aliyewahi kunyunyizia chumvi vipande vya maembe mabichi ameona maji yanavyotoka. Katika mhadhara wake uliochapishwa mwaka 1947, Verney alisema basi kuna seli ubongoni zinazohisi kusinyaa kwao zenyewe. Hazipimi wingi wa maji mwilini, hupima uzito wa damu. Kwa makadirio yake, ongezeko la asilimia 2 tu lilitosha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wolfgang Bargmann alionyesha mwaka 1949 kuwa homoni hiyo hutengenezwa juu zaidi, katika haipothalamasi, na kusafirishwa kwa nyuzi za neva hadi kwenye tezi. Vincent du Vigneaud alitambua asidi amino zake 9, akaitengeneza maabara, na mwaka 1955 akatunukiwa Nobel. Ndiyo vasopresini. Huko Sweden, Bengt Andersson aliwadunga mbuzi chumvi kidogo katika haipothalamasi, nao wakanywa maji kwa pupa: kiu na homoni ni majirani wa karibu ubongoni.

Verney aliisoma homoni kupitia mkojo tu. Kuipima katika damu hakuweza. Miaka ya 1970, Gary Robertson na wenzake nchini Marekani waliipima. Chini ya miliosmoli 280 hivi kwa kila kilo ya maji ya damu, homoni huwa karibu haipo. Juu ya hapo hupanda hatua kwa hatua, na badiliko la asilimia 1 huonekana. Kiu huja juu kidogo ya kizingiti hicho, hivyo figo huanza kubana maji kabla mtu hajatamani kunywa. Kwa upande wa wingi wa damu, inabidi kiasi cha asilimia 10 kipotee ndipo homoni ifurike. Mwaka 1993 watafiti wa Japani wakatambua ndani ya figo mlango wa protini ambao homoni huufungulia maji.

Na wagonjwa wa Johann Peter Frank? Kwa miongo mingi walipimwa kwa kunyimwa maji saa nyingi, mateso kwa mtu mwenye kiu. Mwaka 2018 utafiti uliochapishwa na Fenske na wenzake ulitumia njia nyingine: mgonjwa hutiwa maji ya chumvi ya asilimia 3 mshipani mpaka sodiamu ya damu ifike milimoli 150 kwa lita, kisha hupimwa kopeptini, kipande cha protini kinachotoka pamoja na homoni. Kipimo hicho kilikuwa sahihi kwa wagonjwa takriban 97 katika kila 100; kunyimwa maji kulikuwa sahihi kwa 77.