Munich, Uhuru Park na Got Kwer

Tarehe 31 Julai 1960 mji wa Munich, kusini mwa Ujerumani, ulifungua Kongamano la 37 la Ekaristi la Kimataifa. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 21 Mei, Roma ilikuwa imelimega Jimbo la Kisumu na kuunda Jimbo la Kisii, lililochukua nchi ya Abagusii pamoja na Nyanza Kusini hadi mpakani: Homa Bay, Migori, Karungu, na Macalder, mji wa mgodi ulio karibu na mto Kuja. Matukio hayo mawili hayakuhusiana hata kidogo. Lakini robo karne baadaye, askofu aliyekabidhiwa jimbo hilo changa ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kongamano lile lile, safari hii jijini Nairobi. Jina lake Maurice Otunga. Historia ya mkutano huo husimuliwa kwa kuanzia Nairobi; mimi naona inasomeka vizuri zaidi ikianzia Nyanza Kusini.

Tuanze na Wajerumani. Kwa wazee wa Karungu na Macalder, Mjerumani hakuwa mgeni wa kwenye ramani. Mpaka wa koloni lake ulikuwa pua na mdomo na kwao, na mnamo Septemba 1914 askari wake waliuvuka, wakaingia Kisii na kupigana na Waingereza tarehe 12, huku meli zikiwindana ziwani mbele ya Karungu. Mwaka 1960 Munich ilikuwa na jeraha lake lenyewe: miaka 15 tu tangu vita kuu ya pili iishe, na kambi ya mateso ya Dachau ikiwa nje kidogo ya mji. Wakati wa kongamano, tarehe 5 Agosti, kikanisa cha ukumbusho kilibarikiwa ndani ya kambi hiyo, juhudi iliyoongozwa na Askofu Johannes Neuhäusler, ambaye mwenyewe aliwahi kufungwa humo. Kufumba na kufumbua mahujaji walikuwa wamerudi mjini kwa Misa ya kufunga, iliyosomwa Theresienwiese, uwanja ule ule wa sherehe maarufu ya bia.

Kongamano hilo liliacha urithi mmoja mkubwa. Tangu mkutano wa kwanza wa Lille mwaka 1881, mikutano hii ilikuwa zaidi maandamano ya fahari: Sakramenti ikipitishwa mitaani, bendera, matarumbeta. Mwanaliturujia Josef Jungmann alipendekeza kuwa kiini kiwe Misa moja kuu, dunia nzima ikikusanyika kuzunguka altare moja, kama Wakristo wa Roma ya kale walivyokusanyika siku maalumu katika kanisa moja na askofu wao. Tangu Munich, kila mji mwenyeji umefuata mtindo huo.

Nyanza Kusini, wakati huo huo, watu walikuwa wakijikusanya kwa namna yao. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa wamefika Kisumu mwaka 1903 wakitokea Uganda, wakasambaa kusini hadi Nyabururu na Asumbi. Mapadri walikuwa wachache na vigango vingi. Imani ya kila siku ilibebwa na makatekista. Kisha likaja Jeshi la Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki mwaka 1936 na Edel Quinn, mwanamke wa Ireland aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu na aliyefariki Nairobi mwaka 1944.

Mikutano ya chama hicho inafaa kuangaliwa kwa karibu. Meza hutandikwa kitambaa cheupe, sanamu ya Bikira Maria ikawekwa katikati, mishumaa miwili na vyombo viwili vya maua kando yake. Rozari husaliwa. Halafu kila mwanachama hutoa taarifa ya kazi aliyopewa juma lililopita: mgonjwa gani alitembelewa, nyumba ipi ilibishiwa hodi. Hakuna padri anayehitajika ili kikao kifanyike kila juma. Mwanamke wa kijijini aliyekuwa hasikiki kanisani alipata pa kusimama na kusema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mbegu hiyo ilizaa tunda ambalo wamisionari hawakulitarajia. Simeo Ondeto, aliyekuwa katekista, na Gaudencia Aoko, mwanamke kijana aliyefiwa na watoto wake, waliongoza vuguvugu la maombi, uponyaji na kutoa pepo lililovuta maelfu ya Wakatoliki wa Nyanza. Aoko alibatiza, jambo ambalo kwa kawaida mwanamke hakuruhusiwa kulifanya. Wenye wake wengi, waliozuiwa ubatizo na komunio, walipokelewa. Mwaka 1966 serikali ililisajili vuguvugu hilo, kwa jina la Legio Maria, kama kanisa linalojitegemea, lenye papa wake, makardinali wake na Kilatini chake. Na hapo pana kichekesho cha historia: Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa lugha za wenyeji, waliobaki na Misa ya Kilatini Nyanza ni hao walioitwa waasi.

 

Otunga aliliongoza Jimbo la Kisii hadi 1969, maana yake mfarakano huo ulitokea mikononi mwake. Alikuwa mtu anayelielewa suala la wake wengi kuliko mmisionari yeyote: baba yake, Chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, alikuwa na wake chungu nzima. Mwaka 1971 akawa Askofu Mkuu wa Nairobi, na 1973 Mkenya wa kwanza kuwa kardinali. Katika miaka hiyo maaskofu wa Afrika Mashariki walikuwa wakisisitiza jumuiya ndogo ndogo, majirani wakikutana nyumbani kusali na kusaidiana. Sidhani ni kosa kuona humo jibu la polepole kwa somo la Nyanza: watu hulihama kanisa ambalo hawana nafasi ndani yake.

Ndipo likaja Kongamano la 43, Nairobi, Agosti 1985, la kwanza kusini mwa Sahara. Afrika ilikuwa imeonja mara moja tu, huko Carthage mwaka 1930. Yohane Paulo II alifika tarehe 16, siku moja baada ya kumtangaza Anuarite Nengapeta wa Kongo mwenye heri mjini Kinshasa. Lilikuwa kongamano lake la kwanza akiwa papa, kwani lile la Lourdes mwaka 1981 alilikosa baada ya kupigwa risasi. Tarehe 18 alisoma Misa kuu Uhuru Park, kwa mtindo ule uliozaliwa Munich. Mada ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo. Kwa mwenyeji aliyewahi kuwa askofu wa Kisii, hiyo haikuwa mada ya vitabuni tu.

Ondeto alifariki Septemba 1991, akazikwa Got Kwer, kilima kilichoko Migori. Wafuasi wake wengi humwamini kuwa Masiya aliyerudi, na kila Septemba hukusanyika huko kwa wingi, kanzu za rangi na rozari shingoni. Jimbo la Homa Bay lilizaliwa mwaka 1993, likarithi Migori na Macalder kutoka Kisii. Otunga alifariki mwaka 2003.

Waliokuwa vijana wakati Aoko akibatiza sasa ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Parokia za Nyanza Kusini na viongozi wa Legio Maria wana kazi moja ambayo hawahitaji kukubaliana kiimani ili waifanye: kuwarekodi wazee hao, wa pande zote mbili, kabla hatujaachiwa barua za wamisionari peke yake.