Saiba ya Kariobangi na wapiga taipu watatu wa mwaka 1971

Najua nimekuwa kimya kwa muda. Sababu ni saiba iliyo chini ya jengo ninalopanga, hapa Kariobangi South.

Wengi mnajua kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Saiba hii ina kompyuta sita, zote za Ex-UK, prosesa za Intel za kizazi cha pili na cha tatu, RAM gigabaiti nne kila moja. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuendelea. Kwa hivyo hapo hakuna mlango.

Mama mwenye saiba aliniita jioni moja nikitoka kazini. "Kijana wangu, hii mashine inaniambia imezeeka. Mimi pia nimezeeka na bado nafungua saa mbili asubuhi."

Tulicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Saiba ndiyo karo ya watoto wake wawili. Januari wazazi hupanga foleni kuchapisha barua za kujiunga na shule. Juni watu hukimbizana na ritani za kodi kabla ya tarehe 30. Kununua kompyuta sita nyingine hakuwezi, na kuendelea na mfumo usiopata marekebisho, huku wageni wakiingiza nywila zao humo siku nzima, ni kuwahatarisha wateja. Nikamwambia, "Mama, kabla ya Januari zote zitakuwa sawa, na hutanunua kitu." Nilipopanda ngazi nikaanza kujiuliza kama nimeahidi nisichokiweza.

Makala haya si maelekezo ya hatua kwa hatua. Ni historia. Nilipokuwa nikichagua mfumo mdogo wa familia ya Unix wa kuweka kwenye mashine hizo, nilirudi kusoma Unix ilikotoka, na nikakuta kwamba kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa karibu sawa na ya saiba hii.

Twende pole pole. Mwaka 1969, Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani, ilijiondoa katika Multics, mfumo endeshi mkubwa sana uliokuwa ukijengwa pamoja na MIT na General Electric. Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wakabaki bila mashine ya kuchezea. Wakaomba wanunuliwe kompyuta kubwa, wakanyimwa. Thompson akapata PDP-7 iliyokuwa haitumiki sana, yenye kumbukumbu ya maneno 8,192 ya biti 18. Kwa hesabu ya leo hiyo ni kama kilobaiti 18. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Wao waliingiza mfumo endeshi.

Baadaye walihitaji mashine bora. Safari hii hawakusema wanataka kuandika mfumo endeshi, maana wakubwa walikuwa wameumwa na Multics. Walisema watatengeneza mfumo wa kuandaa maandishi. Hapo wakakubaliwa, na mwaka 1970 wakapata PDP-11. Wateja wao wa kwanza walikuwa idara ya hataza, yaani wale wanaoandaa maombi ya kulinda uvumbuzi. Ritchie ameeleza kwamba katika nusu ya pili ya mwaka 1971 walihudumia wapiga taipu watatu wa idara hiyo, waliokuwa siku nzima wakiandika, wakirekebisha na kupanga maombi, huku akina Thompson wakiendelea na kazi zao kwenye mashine hiyohiyo.

Mashine yenyewe? Kilobaiti 24 za kumbukumbu: 16 za mfumo na 8 za programu za watumiaji. Diski ya kilobaiti 512. Tena haikuwa na ulinzi wa kumbukumbu, kwa hivyo programu ya mtu mmoja ikikosea ingeweza kuwaangusha wote. Fikiria unajaribu msimbo mpya, na meza ya pili mtu yuko ukurasa wa kumi wa barua rasmi.

Sasa shuka ngazi uingie saiba. Huyu anaandikiwa CV. Yule anapangiwa barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Mwingine anataka tangazo la harambee liwe na herufi kubwa. Wapiga taipu, printa, na mashine isiyo na nguvu. Watu wengi hudhani Unix ni kitu cha maabara na seva kilichoshushwa kwa nguvu hadi mezani kwa mtu wa kawaida. La. Ilianza mezani, kwa barua.

Kitu cha pili nilichokutana nacho ni bomba. Doug McIlroy, mkuu wao, alisisitiza kwa miaka kwamba programu ziweze kuunganishwa kama mipira ya maji, na mwaka 1973 Thompson akaliweka hilo ndani ya Unix. Sisi wa hapa hatuhitaji maelezo mengi. Ingia Light Industries: fundi mmoja anakata bati, wa pili anachomelea, wa tatu anapaka rangi. Hakuna anayejaribu kuwa karakana nzima. Mama alikuwa na swali ambalo lilimsumbua siku zote: kijana wake wa zamu amechapisha kazi ngapi leo? Baada ya kuwasha kumbukumbu za kurasa kwenye CUPS, jibu lilikuwa mstari mmoja:

grep "18/Dec/2025" /var/log/cups/page_log | wc -l

Yaani tafuta mistari ya tarehe hiyo, ihesabu. Grep na wc zote zilikuwapo kabla ya mwaka 1975. Hakuna programu ya usimamizi wa saiba niliyonunua.

Lakini kufaa peke yake hakungetosha kuifikisha Unix Kariobangi. Ilifika kwa sababu ilinakiliwa. Kwa makubaliano na serikali ya Marekani ya mwaka 1956, AT&T haikuruhusiwa kufanya biashara nje ya simu, kwa hivyo Unix iligawiwa vyuo vikuu kwa ada ndogo pamoja na msimbo wake wote. Huko Australia, mwalimu aitwaye John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales aliandaa mwaka 1976 kitabu cha kuwaeleza wanafunzi wake msimbo wa Unix toleo la sita, mstari kwa mstari. Toleo la saba lilipotoka mwaka 1979, leseni ilizuia msimbo kutumiwa darasani. Basi watu wakafanya nini? Wakatoa fotokopi. Fotokopi ya fotokopi ya kitabu cha Lions ilizunguka dunia hadi mwaka 1996, kiliporuhusiwa kuchapishwa rasmi. Kila nikiona mwanafunzi akitoa kopi ya kitabu kizima pale saiba, namkumbuka Lions :-)

Mlango ule ulipofungwa, Andrew Tanenbaum wa Amsterdam aliandika upya mfumo mdogo wa kufundishia, Minix, mwaka 1987. Mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaununua, akaona mipaka yake, na tarehe 25 Agosti 1991 akatangaza kwamba anatengeneza wake, wa kujifurahisha tu. Huo ndio Linux. Zana za kuuzunguka zilikuwa zikitengenezwa tayari na mradi wa GNU, alioutangaza Richard Stallman mwaka 1983.

Linux nayo ikanenepa, kama sisi sote. Ila daima kulikuwa na watu wenye mashine ndogo. Mwaka 1995 Bruce Perens alianza BusyBox, programu moja inayofanya kazi za amri nyingi, ili diski laini moja iweze kuanzisha na kuokoa Debian. Kutoka upande wa wale waliokuwa wakigeuza kompyuta kuukuu kuwa ruta kwa diski laini moja, Natanael Copa akaanzisha Alpine mwaka 2005. Mwaka 2014 Alpine ikahamia musl, maktaba ndogo ya C. Leo mfumo wake wa msingi kwenye diski unahitaji kama megabaiti 130. Watengeneza programu wengi tunaitumia kila siku ndani ya kontena bila kuifikiria, mimi nikiwemo. Ndiyo niliyoichagua.

Na huku kwetu? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kiliendesha mradi wa Kilinux, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kwamba italeta Kiswahili kwenye programu zake. Tofauti ni kwamba watu wa Dar hawakusubiri ruhusa, kwani msimbo ulikuwa wazi. OpenOffice ilizaa LibreOffice mwaka 2010, na ndiyo iliyo kwenye mashine za mama leo.

Tatizo letu lilikuwa njia ya kuipata. Kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, na kupakua CD moja ya megabaiti 700 ilikuwa ndoto. Ndiyo maana CD za Ubuntu zilizotumwa bure kwa posta, kati ya mwaka 2005 na 2011, zilithaminiwa sana. Mimi nilikuwa darasa la tano kebo zilipofika. CD ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya binamu yangu, na jalada lake lilichakaa kwa kuazimwa. Tena kunakili.

Haya, turudi kwenye saiba. Nilianza na kompyuta moja, Jumapili baada ya misa, wakati hakuna wateja. Flashi, setup-alpine, maswali machache, ikamaliza kabla chai haijapoa. Nikafurahi, na furaha ikaniponza. Niliweka ninachokipenda mwenyewe: dwm, skrini nyeusi, hakuna menyu, kila kitu kwa kibodi. Jumatatu mteja wa kwanza aliketi, akaangalia, akainuka. "Mama, hii imeharibika." Wa pili naye hivyohivyo. Mama hakunigombeza. Aliigeuza tu ile kiti ikatazama ukuta, ishara kwamba mashine haifanyi kazi.

Hapo nilielewa kitu ambacho digrii haikunifundisha. Nilikuwa nimepunguza upande usiofaa. Wale wapiga taipu watatu hawakuombwa kuipenda Unix. Walipewa kihariri na kipanga maandishi, na barua zikatoka. Udogo wa mfumo ni wa kuipunguzia mashine mzigo. Mtumiaji ukimpunguzia, unamnyima. Nikaendesha setup-desktop, nikachagua Xfce, nikaweka ikoni nne kubwa: Intaneti, Kuandika, Kuskani, Faili Zangu. Baada ya kuwaka, RAM iliyotumika haikufika nusu gigabaiti, na zilizobaki zote ni za Firefox, ambayo huzihitaji.

Matatizo yalikuwapo, nisiwadanganye. Printa moja kati ya mbili ilikataa kabisa, kwa sababu dereva ya mtengenezaji wake imejengwa kwa glibc na haielewani na musl. Niliiunganisha na kompyuta moja niliyoiwekea Debian, nayo ikaigawia printa hiyo mtandao mzima kupitia CUPS. Pili, kuna fomu ya ofisi moja ya umma ambayo ni lahajedwali ya Excel yenye makro, na LibreOffice iliifungua lakini vitufe havikufanya kazi. Nilihangaika usiku mbili. Mwishowe nilikubali: kompyuta moja imebaki na Windows 10, haingii kwenye intaneti, inajaza fomu hiyo tu, na faili hubebwa kwa flashi. Kwa hivyo hesabu ni nne Alpine, moja Debian, moja Windows. Ahadi yangu ya "zote" haikutimia, na nilimwambia mama hivyo.

Alijibu, "Lakini sikununua kitu, ama?"

Hakununua. Januari foleni ilifika hadi mlangoni, barua zikatoka.

Nasikia wenzangu wakisema mfumo mdogo ni wa maskini, utumie ukikosa kikubwa. Historia haisemi hivyo. Thompson na Ritchie walinyimwa mashine kubwa, wakaandika kitu ambacho watu wangeweza kukisoma chote, kukinakili na kukirekebisha, na ndiyo maana zaidi ya miaka hamsini baadaye naweza kukifungua mezani kwa mama bila kumwomba mtu ruhusa. Kompyuta sita za Kariobangi zilitangazwa kuwa zimekufa na ratiba iliyopangwa mbali na hapa. Hazikuwa zimekufa. Tano kati yake bado zinapata marekebisho kila wiki.

Wiki ijayo nitaeleza ile printa na CUPS kwa undani, maana najua wengi mmekwama hapo. Kama uko Umoja, Dandora au Buruburu na una saiba yenye shida kama hii, anza na mashine moja. Na usiweke dwm.